Madoa Meusi Usoni: Jua Chanzo Kwanza

Chunusi imepona, lakini mahali pake pamebaki weusi. Huo si uchafu, na kuusugua kwa dodoki kunauzidisha. Ngozi ikiumizwa na chunusi, upele, moto au kucha za mwenye kujikuna, hutengeneza kwa wingi melanini, ile rangi inayoipa ngozi weusi wake. Ngozi nyeusi ndiyo huacha alama hizo zaidi.

Wajawazito, na baadhi ya wanaotumia vidonge vya uzazi wa mpango, hupata mabaka mashavuni na kwenye paji kwa sababu ya homoni. Ya ujauzito mara nyingi hufifia baada ya kujifungua, kwa hiyo mama asiwe na haraka. Shingo na makwapa yakiwa meusi na mazito, hiyo ni habari nyingine: nenda kapime sukari.

Tunachokiogopa hasa ni mkorogo, yaani mchanganyiko wa krimu za kujichubua. Ndani yake huweza kuwamo haidrokwinoni, steroidi kali au zebaki, na anayeuchanganya hana kipimo. Wiki za mwanzo uso hung'aa kweli, na hapo ndipo mtu hunasa. Steroidi huifanya ngozi iwe nyembamba, ikatoka michirizi, na vidonda vikachelewa kupona. Zebaki hupenya mwilini ikaharibu figo, na kwa mjamzito humfikia hata aliye tumboni. Haidrokwinoni ya muda mrefu nayo huweza kuleta weusi wa kijivu-bluu, mbaya kuliko doa alilolikimbia, na huo hautoki kirahisi.

Tiba huanza na jua. Vaa kofia pana au mtandio, na kila asubuhi paka mafuta ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi. Ukikaa nje, rudia kila baada ya saa mbili. Bila hayo, dawa nyingine ni kazi bure. Daktari wa ngozi anaweza kukupa asidi ya azelaiki, tretinoini (si kwa mjamzito), au hata haidrokwinoni hiyo hiyo, kwa kipimo na kwa miezi michache tu. Nafuu huja polepole.

Kama umezoea mkorogo, usione haya: nenda kwa daktari na kopo lako mkononi, kwa kuwa kuacha steroidi ghafla huweza kuwasha ngozi vibaya. Na doa la wayoni au chini ya ukucha linalokua, kubadilika rangi au kutoa damu halingoji krimu. Fika hospitali wiki hii hii.