Dondoo muhimu: Koti la jina kubwa lipime kwa vidole

Usianze na lebo. Jina moja la mbunifu huwa na madaraja: Giorgio Armani na Emporio Armani si koti moja, wala bei si moja.

Anza na kifua. Karibu na tundu la kifungo, finya kitambaa cha nje kwa mkono mmoja na bitana kwa mwingine, kisha uvitenganishe. Ukihisi tabaka la tatu likielea katikati, kifua kimeshonwa. Usipolihisi, kimegandishwa kwa gundi. Gundi haina ubaya kwenye koti la bei nafuu, lakini kuilipia bei ya mbunifu ni kuibiwa mchana kweupe. Kwenye soko la mtumba, iwe Gikomba au Karume, kagua ukosi unaokunjika kifuani: ukiona malengelenge, gundi imeachia, na pasi haitayaondoa.

Kitambaa cha mistari? Mistari ipite juu ya mfuko bila kukatika. Vifungo vya pembe halisi hutofautiana kidogo kimoja na kingine.

Kiuno na urefu wa mikono fundi atakurekebishia. Mabega yakipwaya, liache hapohapo dukani.