Mama wa Mtoto Aliyetolewa

Somo la mwezi. Soma Kutoka 2:1–10.

Habari za mtoto kuasiliwa zinapozungumzwa, husifiwa wazazi wapya, na mtoto huombewa heri. Yule aliyemzaa hatajwi. Basi na tujifunze habari zake kwa Yokebedi, mama yake Musa.

1. Yokebedi hakumtoa mwanawe kwa kukosa upendo. Alimficha miezi mitatu. Aliposhindwa ndipo alipomwekea kisafina kando ya mto. Aliyemlazimisha ni mfalme kwa amri yake. Mama wa leo hulazimishwa na njaa, na kukataliwa na mwanamume, na aibu ya kwao. Kwa hiyo mwalimu wa kijiji akisikia kwamba binti ataka kumtoa mtoto, asianze kwa kumkemea. Aulize kwanza ni kitu gani kinachomsukuma. Pengine debe la mahindi na mbuzi wa maziwa vyatosha kumwacha mtoto kifuani mwa mamaye. Shida iwezayo kuondolewa na usharika isiwe sababu ya kuwatenganisha.

2. Yokebedi alijua alilolitenda. Alimnyonyesha, kisha akampeleka kwa binti Farao, akawa mwana wake. Hapa pana hatari kwetu. Huku Singida mtoto huweza kulelewa kwa bibi au kwa shangazi, naye bado ni wa aliyemzaa, akikua hurudi. Huko ni kulea. Kuasili ni jambo jingine: kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, amri ya mahakama humwondolea mzazi haki zake juu ya mtoto, wala si kwa muda. Ndiyo maana sheria yataka ridhaa ya mzazi, isipokuwa kwa sababu maalumu, na yataka mahakama ione kwamba amefahamu maana yake. Lakini mama asiyejua kusoma, akiwekewa karatasi atie dole gumba, huenda akadhani anakubali kulea tu.

Mambo hayo yametokea kwa jirani zetu. Katika Uganda watoto wengi walipelekwa ng'ambo kwa hati za ulezi, na wazazi wengine waliambiwa kwamba watoto wanakwenda kusoma, nao watarudi. Mwaka 2016 Bunge la Uganda lilirekebisha sheria ili kuiziba njia hiyo. Mwaka 2020 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda pamoja na wengine kwa ajili ya hila hizo.

3. Dada yake mtoto alisimama mbali apate kujua litakalompata. Mama naye ahitaji wa kusimama karibu naye. Aliyefiwa hukaa matanga, na majirani huja kumfariji. Aliyemtoa mtoto hana matanga. Hulia usiku, na asubuhi huenda kisimani kama wengine. Wazee na akina mama wa usharika, mwendeeni. Msimwite aliyetupa mtoto, maana aliyetupa hakumtafutia mtoto mahali pa kuishi.

4. Musa alipokuwa mtu mzima aliwaendea ndugu zake, na jina la mamaye limeandikwa katika Kutoka 6:20. Wazazi wanaoasili wasimfiche mtoto asili yake milele. Kumjua aliyemzaa hakumpunguzii heshima aliyemlea.

Basi sisi twaona yafaa mambo matatu yatengenezwe. Kwanza, mama aelezwe kwa lugha yake ya nyumbani, Kinyaturu au Kinyiramba, mbele ya mtu wa ukoo anayemwamini. Pili, asiulizwe neno hili akiwa bado kitandani pa uzazi. Apewe siku za kupumzika na kufikiri. Tatu, apate njia ya kusikia, kwa afisa wa ustawi wa jamii, kwamba mwanawe yu hai na mzima, ikiwa jambo hilo halimdhuru mtoto. Walimu wasiandike wala kushuhudia karatasi za namna hii kwa siri. Wampeleke mama kwa afisa huyo.

Maswali ya kuzungumza:
1. Kulea na kuasili hutofautianaje? Mweleze jirani yako asiyejua kusoma.
2. Je, yuko katika usharika wenu mama mwenye huzuni hii? Ni nani atakayemwendea?