Mwalimu Tarajali Mbele ya Sheria

Mwanachuo aliyepangiwa shule kwa mazoezi ya kufundisha huitwa mwalimu tangu siku anayoripoti. Hupewa vipindi, na penye upungufu wa walimu huingizwa hata kwenye zamu. Kisheria, hata hivyo, bado ni mwanachuo: hajasajiliwa na Bodi ya Kitaalamu ya Walimu Tanzania iliyoanzishwa kwa sheria ya 2018, wala hayuko chini ya Tume ya Utumishi wa Walimu, inayosimamia walimu walioajiriwa serikalini. Ndiyo maana wapo wanaoamini kwamba likitokea kosa, litabebwa na shule au chuo. Imani hiyo imewaponza wengi. Mwalimu tarajali ana mamlaka madogo kuliko mwalimu wa kudumu, lakini kwenye makosa ya jinai hupimwa kama mtu mzima mwingine yeyote, na kinga yake kubwa ni kutovuka mipaka ya mamlaka hayo madogo.

Mfano ulio wazi zaidi ni viboko. Kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu zinamruhusu mkuu wa shule kuchapa, au mwalimu aliyemteua kwa maandishi. Viboko visizidi vinne, msichana achapwe na mwalimu wa kike kama yupo shuleni, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Oktoba 2016 ilisambaa video ya walimu wa mazoezi wakimshambulia mwanafunzi wa kidato cha tatu ndani ya ofisi ya walimu, katika shule moja ya sekondari jijini Mbeya. Wahusika walifukuzwa vyuoni. Wapo watakaosema kuwa darasa lililofurika halitulii bila fimbo, na mgeni asiyeogopwa hasikilizwi. Ugumu huo ni wa kweli, na vyuo havijauzungumza vya kutosha. Lakini Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza adhabu ya kikatili au isiyolingana na umri wa mtoto, bila kujali wingi wa wanafunzi darasani. Utovu wa nidhamu upelekwe kwa mwalimu wa darasa au mwalimu wa nidhamu. Na anayeagizwa kwa mdomo, "wachape hao", na mtu ambaye kesho atatoa maoni juu ya kazi yake, ajibu kwa adabu: "Mwalimu, naomba uniandikie." Agizo la mdomo halitamsaidia mbele ya polisi wala mahakamani.

Mahusiano na wanafunzi hayana nafasi hata ndogo ya kujitetea. Tangu marekebisho ya 2016 ya Sheria ya Elimu, anayempa mimba mwanafunzi wa msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Husemwa kwamba binti wa kidato cha sita ametimiza miaka 18 na ameridhia mwenyewe. Lakini sheria hiyo inaangalia uanafunzi wake. Na akiwa chini ya miaka 18, hata tendo lisiloleta mimba ni ubakaji, ridhaa yake iwe imetolewa au la. Tahadhari pia ihusu picha za darasani zinazowekwa WhatsApp, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti.

Sheria hizohizo zinamlinda mwalimu tarajali mwenyewe. Mkuu wa shule au mkufunzi anayedai ngono ili atoe alama nzuri anatenda kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, na TAKUKURU hupokea taarifa bure kwa namba 113. Mwalimu tarajali akituhumiwa, Katiba katika ibara ya 13(6) inampa haki ya kusikilizwa kikamilifu na kukata rufaa. Wengi wanaodaiwa ngono hunyamaza kwa kuhofia alama, na hofu hiyo isidharauliwe, maana nguvu za pande mbili hazilingani hata kidogo. Kwa hiyo aandike tarehe, mahali na maneno yaliyosemwa siku hiyohiyo, ahifadhi ujumbe wa simu, kisha amweleze mratibu wa mazoezi chuoni kabla fomu ya tathmini haijajazwa. Akiona mtoto anadhulumiwa, Sheria ya Mtoto inamtaka atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Namba 116 ya Huduma ya Simu kwa Mtoto nayo hupigwa bure.