Dawa za mtoto mchanga: dondoo kwa mama wa Olenguruone

Jeli ya klorheksidini uliyopewa hospitalini ni ya kitovu tu. Tyubu yake hufanana na ya dawa ya macho, na Shirika la Afya Duniani limewahi kutoa onyo baada ya watoto kuumia macho vibaya kwa kuchanganyiwa dawa hizo. Iandike KITOVU kwa kalamu ya wino mzito kabla hujaiweka kabatini. Ikiingia jichoni, osha papo hapo kwa maji safi mengi, kisha kimbia hospitalini.

Vitamini K huchomwa mara tu mtoto anapozaliwa. Usiende kununua nyingine kwenye kemisti.

Panadol ya maji ya kakake? Hapana. Joto la mtoto mchanga likifika nyuzi 37.5, hiyo ni dalili ya hatari na dawa itaificha tu. Likishuka chini ya 35.5, jambo rahisi kwa baridi ya huku kwetu, mweke kifuani ngozi kwa ngozi, mfunike, mwende hivyo hivyo hospitalini.

Dawa aliyoandikiwa na daktari ipime kwa sirinji. Vijiko vya chai havilingani. Asali, hata kwa kikohozi, isubiri mwaka mmoja, nyanya aseme asemavyo.