Ua la Bukini na Nguzo za Ndani ya Mwili

Tumeulizwa katika darasa letu: jee, yafaa mtu kuchemsha majani ya lile ua dogo la petali tano, jeupe au la rangi ya waridi, akayanywa kwa maradhi ya sukari au ya saratani, maadamu yasemwa kwamba hospitali nazo hutumia ua hilo hilo? Swali ni zuri, wala jawabu lake si la neno moja, kwani ndani yake mna ukweli na mna khatari.

Ua lenyewe twalijua. Hupandwa katika madebe mbele ya milango ya Mji wa Kale, na hujiotea lenyewe mchangani. Asili yake ni Bukini, na wataalamu huliita Catharanthus roseus. Lakini ili kufahamu lifanyalo, yatupasa kwanza tutazame ndani ya seli, zile chembe hai ambazo mwili umejengwa kwazo.

Wengi hudhani seli ni kama tone la uji ndani ya mfuko. Sivyo. Ndani yake mna nguzo nyembamba zenye uwazi katikati mfano wa mwanzi, ziitwazo mikrotubuli. Upana wa nguzo moja ni nanomita 25, yaani zikipangwa 40,000 ubavu kwa ubavu ndipo itimie milimita moja. Tofali zake ni protini iitwayo tubulini. Wala usizifananishe na boriti za mikoko zilizobeba dari zetu miaka na miaka. Mfano wake ulio karibu zaidi ni jukwaa la waashi, ambalo leo hufungwa hapa, kesho likafunguliwa na miti yake ikatumika penginepo. Mwaka 1984 Tim Mitchison na Marc Kirschner walionyesha kwamba nguzo moja yaweza kuwa yarefuka huku jirani yake yabomoka ghafula.

Juu ya nguzo hizo hupita mahamali. Ni protini pia, nazo hupiga hatua zikiwa zimebeba mizigo, aina moja ikielekea nje na nyengine ikirudi ndani. Mshipa wa fahamu utokao mgongoni hadi kidole cha mguu waweza kufika urefu wa mita moja, na chakula cha ncha yake chatoka huko juu; njia ikiharibika, ncha hufa ganzi. Kazi nyengine ni kubwa zaidi. Seli itakapo kugawanyika kuwa mbili, nguzo hizi hujipanga upya, zikazishika kromosomu na kuzivuta pande mbili, ili kila seli mpya ipate 46 zake kamili.

Sasa turudi kwenye ua. Nchini Kanada, Robert Noble na Charles Beer walipelekewa majani yake kutoka Jamaica, ambako watu waliyanywa kwa ajili ya sukari. Walipowatia panya maji ya majani hayo kwa sindano, sukari haikushuka. Zilizoshuka ni seli nyeupe za damu. Mwaka 1958 wakatangaza dawa ya vinblastini. Ikafuata ndugu yake, vinkristini, iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1963. Zote mbili huikamata tubulini isijenge nguzo, na seli iliyokuwa katikati ya kugawanyika ikakwama, kisha ikafa. (Suranjani, dawa ya jongo aliyoitaja Ibn Sina, nayo huikamata tubulini hiyo hiyo, na ni kwa kuifuata sumu yake, kolkisini, ndipo mwaka 1967 wataalamu wa Chicago walipoitambua protini yenyewe.)

Jambo hili latuhusu sana sisi watu wa pwani. Mwaka 1958 Denis Burkitt, tabibu wa Mulago, Kampala, alieleza uvimbe wa taya za watoto ambao sasa huitwa kwa jina lake. Hupatikana zaidi penye joto na malaria nyingi, na pwani yetu imo. Seli zake huweza kuzidi maradufu kwa siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo mtoto aliyevimba taya akipelekwa kwanza kwa mng'oa meno, kisha akanyweshwa kombe wiki mbili, tayari amepotezewa wakhati asiokuwa nao. Kumwombea mgonjwa ni jambo jema, wala hakumzuii mzazi kwenda hospitali siku ile ile. Vinkristini ilitumiwa Kampala katika miaka ya 1960, na hata leo hutolewa pamoja na dawa nyengine, na watoto wengi wawahishwao hupona.

Basi, kuchemsha majani nyumbani hakufai. Mamia ya kilo ya majani makavu huhitajika ili ipatikane gramu moja ya dawa, nayo hutiwa mshipani kwa kipimo kidogo mno. Birika ya mpishi wa majani haina kipimo. Kiasi cha dawa ndani yake hakijulikani, na pamoja nayo mna sumu nyengine nyingi zisizotakikana.

Hata sindano ya hospitali haichagui nguzo za adui peke yake. Mtoto huweza kufa ganzi vidole, kuumwa na taya, au kufunga choo, kwani mishipa yake ya fahamu nayo yategemea tubulini. Mama akiona hayo amwambie daktari mapema, asimkatize mtoto dawa kwa shauri lake. Na kama nyumbani amenyweshwa majani, hilo nalo alitaje pasi na kuona haya.