Saa ya Kutia Ufunguo Ndani ya Ndege: Je, Inaharibika?

Kila Desemba ikikaribia na watu wakianza kukata tiketi za kwenda nyumbani, kuna swali ambalo nimezoea kuulizwa kwa sababu tu nasomea uhandisi wa mitambo: "Eti kaka, saa nzuri, ile isiyotumia betri, ukiivaa kwenye ndege haiharibiki?" Kwa kawaida najibu haiharibiki, naendelea na chai yangu. Mwaka huu swali limeingia nyumbani kwangu, maana ninayo moja ya kusafirisha, na wala si yangu.

Ni Omega ya marehemu baba. Aliinunua miaka ya sabini akiwa fundi wa karakana ya reli, na pale nyumbani ndicho kitu pekee ambacho sisi watoto hatukuruhusiwa kukigusa. Nilipokuja Uingereza familia ilinikabidhi niitafutie fundi, kwani ilikuwa imesimama miaka mingi. Matengenezo yamekula mshahara wa wiki tatu za kubeba boksi, lakini sasa inatembea. Mdogo wangu anaoa mwezi huu wa kumi na mbili, na mama ameshatamka kwamba ataivaa siku hiyo. Ndipo baba mdogo akapiga simu kutoka Tanga: "Mwanangu, usije ukaivaa angani. Hewa ya kule juu itaiua. Itie kwenye begi kubwa, ufunge na kufuli." Mzee humjibu kwa mkato. Nikasema, "Sawa, baba mdogo, nitaliangalia," nikakaa chini na kalamu. Niliyoyapata nayaleta hapa, huenda yakamfaa na mwingine.

Tuanze na mashine yenyewe. Saa ya aina hii haina umeme. Ndani mna springi kuu iliyokunjwa, ambayo unaikaza kwa kutia ufunguo au, kama ni otomatiki, inakazwa na kipande kizito kinachozunguka kila unapotikisa mkono. Nguvu ile hupita kwenye magurudumu madogo mpaka kwenye gurudumu la mizani, linalokwenda na kurudi likisaidiwa na springi nyingine nyembamba kama unywele. Saa nyingi za kisasa hupiga mara 28,800 kwa saa moja, yaani mara nane kila sekunde. Ndiyo maana mshale wa sekunde unaonekana kama unateleza. Kwa mashine kama hiyo, saa iliyopewa cheti rasmi cha usahihi kule Uswisi inaruhusiwa kuchelewa sekunde 4 au kuwahi sekunde 6 kwa siku. Saa ya betri ya bei chee kabisa inaishinda kwa usahihi. Wanaonunua za springi hawanunui usahihi, jamani, wananunua ufundi (na wengine wananunua macho ya watu).

Sasa hiyo hewa ya angani. Ndege inaruka mita 10,000 au zaidi, lakini wewe huvuti hewa ya huko. Chumba cha abiria hujazwa hewa mpaka ifanane na ya mahali pasipozidi mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Katika ndege mpya kama Boeing 787 ni kama mita 1,800 tu. Addis Ababa iko karibu mita 2,350. Maana yake, saa iliyo mkononi mwako ndani ya ndege iko katika hewa ileile anayovuta mtu wa Addis anayekwenda sokoni, na sijasikia kwamba saa za watu wa Addis hufa. Ukitaka hesabu, mgandamizo wa hewa unapungua kama robo moja ya ule wa pwani. Saa iliyoandikwa mita 30 imejaribiwa kuhimili mara kadhaa ya tofauti hiyo. Na hata chumba cha mizigo huko chini hujazwa hewa vilevile, kwa hiyo kama hoja ni mgandamizo, begi kubwa halikuokoi na chochote.

Kuna na jambo la kufurahisha hapa. Oktoba 1971, Wamarekani wawili, Hafele na Keating, walipakia saa nne za atomi kwenye ndege za kawaida za abiria, wakazunguka nazo dunia kuelekea mashariki, kisha magharibi, kupima kama muda wenyewe hubadilika kama Einstein alivyosema. Ulibadilika. Zilizokwenda mashariki zilichelewa nanosekunde 59, na za magharibi zikawahi nanosekunde 273. Nanosekunde ni sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni. Omega ya baba haitajua kamwe.

Mashine ya eksirei ya uwanjani nayo watu huiogopa bure. Miale ile hupita kwenye chuma cha saa na kuiacha ilivyokuwa. Adui wa kweli wa safari ni sumaku, na unaibeba mwenyewe: spika za simu, hedifoni, kifuniko cha kompyuta bapa kinachojifunga chenyewe, vifungo vya mikoba. Ukilala safari nzima mkono umeegemea kitu kama hicho, ile springi ya unywele inaweza kushika sumaku, mizunguko yake ikanatana, nayo ikawa kama imefupishwa. Springi fupi hupiga haraka. Kwa hiyo saa ikianza kuwahi dakika kadhaa kwa siku baada ya safari, usikimbilie kusema imekufa. Fundi ana kifaa cha kuondoa sumaku, kazi ya sekunde chache, na asikutoze kama vile ameifungua yote. Saa nyingi mpya zimetengenezwa kwa madini yasiyojali sumaku. Za wazazi wetu ndizo za kuangaliwa.

Lakini kinachovunja saa safarini kuliko vyote ni vidole vya mwenye saa, pale anapobadili majira na tarehe. Katika saa nyingi za springi zenye tarehe, kuanzia kama saa tatu usiku mpaka saa tisa usiku meno ya gurudumu la tarehe yanakuwa yameshaumana, yanajiandaa kuruka. Ukilazimisha tarehe kwa kifundo wakati huo, jino dogo linaweza kukatika. (Waswahili hapa tuwe macho: tunasema tatu mpaka tisa, lakini mshale unatoka kwenye 9 kwenda kwenye 3. Ukisoma maelekezo ya Kizungu kwa kichwa cha Kiswahili utabadili tarehe saa ileile iliyokatazwa.)

Chukua ndege inayoondoka London saa mbili usiku mwezi Desemba. Nyumbani wako mbele kwa saa tatu. Mwenye haraka anaketi tu, anavuta kifundo na kusogeza mishale mpaka kwenye 11. Hapo bado salama, maana amekwenda mbele. Kisha anaona bora aweke na tarehe ya kesho kabisa, na hapo ndipo anapoumiza saa. Mimi nashauri usiguse kitu mpaka utue. Asubuhi ukifika, sogeza mishale mbele saa tatu, tarehe imeshajibadili yenyewe njiani. Wakati wa kurudi ndipo pagumu, kwa sababu unatakiwa kurudi nyuma, na kurudisha mishale kupita usiku wa manane si kuzuri kwa saa nyingi za zamani. Kama mshale wako wa sekunde husimama ukivuta kifundo, uvute, iache saa isimame saa tatu, kisha uirudishe muda ukiifikia. Na ikiwa imesimama kabisa na hujui kama inasoma mchana au usiku, sogeza mbele mpaka tarehe iruke: hapo ni usiku wa manane. Endelea mpaka mshale uwe kwenye 6, weka tarehe ya jana, halafu sogeza mbele mpaka ya leo itokee. Inachosha kidogo, ila haivunji kitu.

Rolex walitengeneza GMT-Master miaka ya 1950 kwa ajili ya marubani wa Pan Am, ikiwa na mshale wa nne unaosoma saa 24, ili mtu aone saa za miji miwili kwa pamoja. Bei yake usiulize. Sisi tuna vidole vya kuhesabia.

Tuje kwenye begi na kufuli. Hapa nilibidi nimpigie baba mdogo tena, kwa heshima zote. Kwa mkataba wa Montreal wa 1999, kiwango cha juu cha fidia kwa mizigo ya abiria mmoja, tangu tarehe 28 Desemba 2024, ni SDR 1,519, takriban dola 2,000 za Marekani, kwa vyote vilivyopotea kwa pamoja. Na mashirika mengi ya ndege yameandika wazi kwenye masharti ya tiketi kwamba vitu vya thamani visiwekwe kwenye mizigo ya chini. Kufuli halibishani na karatasi hiyo. "Kwa hiyo mkononi?" akauliza. Mkononi, baba mdogo, chini ya mkono wa shati. Kwenye ukaguzi usiiweke wazi kwenye trei kama sahani ya futari. Ivue kabla ya kufika foleni, itie mfuko wa ndani wa koti, funga zipu, koti ndilo liingie mashineni, na usipite wewe kabla koti halijaingia.

La mwisho ni forodha. Saa moja iliyovaliwa ni mali yako binafsi. Boksi tatu mpya ndani ya begi ni biashara machoni pa afisa yeyote. Tatizo huja unaporudi na saa ya thamani huku huna ushahidi kwamba ulitoka nayo. Walioko Marekani wanayo fomu 4457 ya forodha: unaonyesha saa kabla ya kuondoka, namba yake inaandikwa, ukirudi hakuna maswali. Hapa Uingereza beba risiti, au hata ya fundi, kwani kiwango cha bidhaa bila ushuru ni pauni 390, na ukikizidi unadaiwa. Mimi narudi mkono mtupu, kwa hiyo hilo halinihusu safari hii. Risiti ya fundi nimeshaipiga picha, nikamtumia mdogo wangu, pamoja na maelezo ya saa tatu mpaka saa tisa. Amejibu kwamba harusini hatagusa kitu chochote.