Programu ya hesabu ya bure kwa laptopu ya nyumbani: usirudie kosa langu

Somo la leo ni la wale wenye laptopu nyumbani, hata ya mtumba, wanaotaka kuandikia hesabu za duka bila kuingia gharama. Mimi sijasomea kompyuta. Nilimaliza kidato cha nne, nikafungua duka hapa Kabungu, na haya yote nimejifunza kwa kuharibu na kurudia. Nianze na kosa lenyewe.

Huku kwetu Katavi wateja wangu wengi ni wakulima wa mpunga, mahindi na tumbaku. Hela yao inakuja kwa msimu, kwa hiyo ukikataa kukopesha unabaki unaangalia sabuni zako. Daftari la madeni lilipojaa nikanunua laptopu iliyotumika, nikampelekea fundi aniwekee Excel. Akasema sh. 15,000 tu, Office nzima. Kumbe ni ya kuchakachua. Aliweka kaprogramu kanakoidanganya kompyuta kwamba imelipiwa, na kabla ya kukaweka akazima antivirusi. Sikuuliza kwa nini.

Baada ya miezi minne, asubuhi nafungua laptopu, mafaili yote yamebadilika majina na hakuna linalofunguka. Fundi mwingine akaniambia ni virusi, dawa ni kufomati. Siwezi kuapa vilitoka wapi, ila ulinzi ulikuwa umezimwa tangu siku ile. Nikabaki na daftari la zamani, ambalo lina waliokopa, lakini waliolipa nilikuwa nimewaandika kwenye kompyuta peke yake.

Nikaanza kudai kwa daftari. Mama mmoja mteja wangu wa siku nyingi akapita.

"Shikamoo mama. Samahani, ile elfu arobaini vipi?"

"Marahaba mwanangu. Nilikulipa mwezi wa saba, mbele ya mdogo wako. Umesahau?"

Mdogo wangu akasema kweli, alilipa, yeye ndiye aliyehesabu noti. Nilimwomba radhi mbele ya watu. Yeye alinisamehe, lakini kuna wengine ambao hawakuwa na shahidi, na mpaka leo sijui nani nilimdai mara mbili. Elfu kumi na tano yangu ilikuwa ghali sana.

MASWALI MATATU KABLA YA KUCHAGUA

1. Inafanya kazi bila intaneti? Bando likiisha, hesabu zisisimame.
2. Inafungua mafaili ya Word na Excel? Shule, benki na msambazaji wako wanatumia hayo.
3. Ninaruhusiwa kuitumia kibiashara? Bure ya nyumbani siyo lazima iwe bure ya dukani. Na ujue kwamba Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda hata programu za kompyuta, kwa hiyo ya kuchakachua ni kosa hata kama kila mtu anayo.

NILIZOZIJARIBU

Microsoft yenyewe. Ni nzuri, ila Microsoft 365 unailipia kila mwezi au kila mwaka. Na wenye Office 2016 au 2019 mjue kwamba Microsoft iliacha kuzitolea masasisho ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025.

WPS Office. Inatoka China, wengi tunayo kwenye simu. Ni nyepesi na sura yake imezoeleka. Ya bure ina matangazo, na baadhi ya kazi zinataka ulipie. Soma masharti kabla ya kuitumia kwa biashara.

Google Sheets. Nzuri kwa simu. Faili linakaa kwenye akaunti yako, laptopu ikiibiwa hesabu zipo. Unapewa GB 15 bure, zikijumuisha barua pepe na picha. Shida ni bando, ingawa unaweza kulichagua faili lipatikane hata bila mtandao.

OnlyOffice. Ya kwenye kompyuta ni bure, na inafanana sana na ya Microsoft. Kama hutaki kujifunza upya, jaribu hii.

LibreOffice. Hii ndiyo niliyobaki nayo. Ni bure kabisa, nyumbani na dukani, haina matangazo wala muda wa kuisha. Ina Writer badala ya Word, Calc badala ya Excel, na Impress badala ya PowerPoint. Ukishaipakua inafanya kazi bila intaneti.

Usiogope kwamba ni ya majaribio. LibreOffice ilizaliwa mwaka 2010 kutoka kwenye OpenOffice, na inasimamiwa na taasisi iliyoko Ujerumani, The Document Foundation. Na OpenOffice siyo ngeni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa toleo lake la Kiswahili, likaitwa Jambo OpenOffice. Ukiona neno "lahajedwali" usishtuke, ndiyo hiyo meza ya hesabu ya Excel au Calc.

KABLA HUJAPAKUA

Pakua kwenye tovuti yao wenyewe, libreoffice.org, siyo kwenye flashi ya mtu. Faili ni zaidi ya MB 300, kwa hiyo subiri bando la usiku au omba sehemu yenye Wi-Fi. Kama laptopu yako ni ya Windows 7 au 8, matoleo kuanzia 25.8 hayaikubali, tafuta la nyuma kwenye tovuti hiyohiyo. Na mtu akikuambia uzime antivirusi ndipo programu iingie, funga laptopu yako uondoke.

NINAVYOANDIKA MADENI

Kila mkopaji ana karatasi yake ndani ya faili moja. Safu ya A tarehe, B bidhaa, C aliyempa au aliyepokea, D alichokopa, E alicholipa. Kila malipo yana mstari wake, hata ya elfu moja. Deni lililobaki linajihesabu kwa fomula hii:

=SUM(D2:D200)-SUM(E2:E200)

Safu ya C usiidharau. Mdogo wangu ndiye aliyeniokoa siku ile, sasa jina lake linaandikwa.

MAMBO MADOGO YANAYOSUMBUA

Calc inasevu kwa .ods. Ukimtumia mtu wa Excel, chagua "Save As" kisha .xlsx. Kama ni ya kuchapisha stesheni, toa PDF, haitavurugika. Faili la Word likija na mistari imehama kidogo, mara nyingi ni mwandiko tofauti, hesabu hazijaguswa. Umeme ukikatika na betri imechoka, kilichosevuliwa ndicho kilichobaki, kwa hiyo zoea kubonyeza Ctrl na S kila baada ya mteja.

NAKALA, NAKALA, NAKALA

Programu yoyote utakayochagua, laptopu inaweza kufa. Mimi kila Jumapili jioni naweka nakala kwenye flashi, naichomoa na kuiweka kabatini. Ikibaki imechomekwa, virusi vikija vinaila nayo. Nakala nyingine najitumia kwenye barua pepe, faili dogo hilo halimalizi bando. Na mteja akilipa, bado namwandikia kwenye kikaratasi na kusaini, abaki nacho.

Yule mama bado ananunua kwangu. Mwezi uliopita alikuja kulipa, nikamgeuzia laptopu aone mstari wake ukiandikwa. Akasema, "Na kile kikaratasi mwanangu, nipe." Nikampa.

Leo usiku, kama una laptopu, anza na wakopaji watano tu. Ukikwama, uliza hapa tusaidiane.